Msalaba Mmoja kwa Kijiji Kizima



Kamati ya jubilii iliponipa kurasa hizi chache za historia, nadhani ilitarajia niandike juu ya kwaya. Historia ya kwaya imo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki pamoja na picha zake, na imeandikwa na waliokuwapo. Mimi niliomba niandike juu ya mawe. Kuna msalaba mmoja wa mawe upande wetu huu wa magharibi wa jiji ambao wengi wetu tumepita karibu nao mara nyingi tukiwa ndani ya matatu, tukielekea Karen au Ngong, bila kujua kwamba upo. Umesimama katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, pembeni mwa Ngong Road, si mbali na uwanja wa mbio za farasi. Ukishuka na kuingia ndani utaona kitako chenye pembe nane, nguzo ndefu, mikono mifupi, na upanga wa shaba uliobandikwa mbele ya jiwe, ncha ikielekea chini. Pembeni kuna makaburi karibu 2,000 ya Vita vya Pili vya Dunia, yamepangwa kwa mistari kama wanakwaya siku ya mashindano.

Watoto wa Shule ya Jumapili hupenda kuuliza kwa nini msalaba uwe na upanga. Swali langu mimi lilikuwa lingine. Ikiwa kila kaburi lina alama yake na jina lake, huu mkubwa ni wa nani?

Ili kujibu hilo inabidi tusafiri mbali kidogo, hadi vijiji vya Uingereza vya zamani, tuseme kati ya mwaka 1200 na 1500. Wakati huo karibu kila kanisa la kijiji lilikuwa na msalaba wa mawe katika ua wake. Mara nyingi ulisimama upande wa kusini, kwenye njia ambayo watu waliipita wakielekea mlangoni. Muundo wake haukuwa mgumu: ngazi chache za mawe, juu yake jiwe kubwa la kitako lililochimbwa tundu, nguzo nyembamba iliyochomekwa katika tundu hilo, na juu kabisa kichwa kilichochongwa sanamu ya Kristo msalabani. Upande wa nyuma mara nyingi alichongwa Mariamu na Mtoto.

Ipo misalaba ya kale kuliko hiyo. Huko Gosforth, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kuna mmoja wa karne ya 10 ambao bado umesimama. Fundi aliyeuchonga alichanganya mateso ya Kristo na hadithi za miungu ya mababu zake waliotoka ng'ambo ya bahari. Sisi tuliolelewa na nyanya waliokuwa na Biblia mkono mmoja na methali za ukoo mkono wa pili hatuwezi kumshangaa fundi huyo.

Lakini tubaki na misalaba ya uani. Katika vijiji hivyo mtu wa kawaida alipokufa alifungwa sanda, akazikwa katika ua wa kanisa, na basi. Hakuwekewa jiwe. Bwana mwenye ardhi alizikwa ndani ya kanisa, chini ya bamba la shaba lenye jina na sura yake, lakini mkulima, mchunga kondoo, mjane na mtoto mchanga walilala nje katika udongo ambao baada ya miaka ungechimbwa tena kumpisha mwingine. Ua ulikuwa mdogo na vizazi vilikuwa vingi. Kwa hiyo msalaba ule mmoja ulikuwa jiwe la kaburi la kila mtu. Mama aliyefiwa hakwenda kwenye kaburi la mwanawe, kwa maana baada ya muda hakuna aliyejua lilipo. Alipiga magoti kwenye ngazi za msalaba, na hapo alikuwa amemfikia.

Ulikuwa na kazi nyingine pia. Watu walikutana hapo, matangazo yakasomwa, na biashara nayo haikukosa. Ilifika mahali serikali ya mfalme ikaingilia kati: sheria ya Winchester ya mwaka 1285 ilikataza masoko na maonyesho katika viwanja vya makanisa. Wanaouza mandazi na chai langoni baada ya ibada ya pili wajue kwamba jambo lao ni la kale.

Na sasa nifike kwa wanakwaya. Siku kubwa ya msalaba wa uani ilikuwa Jumapili ya Mitende. Waumini walitoka kanisani wakiwa na matawi mikononi. Mtende haukuoti katika nchi ile ya baridi, kwa hiyo walitumia matawi ya miti yao. Walizunguka ua wakiimba, juu ya makaburi ya watu wao wenyewe, wakasimama kwenye msalaba, Injili ikasomwa. Wavulana wa kwaya walipandishwa mahali pa juu ili waimbe wimbo wa Kilatini wa kumtukuza Kristo Mfalme. Wimbo huo ulitungwa na askofu Theodulf wa Orléans katika karne ya 9, na tafsiri yake bado imo katika vitabu vya nyimbo vinavyotumika hata hapa kwetu. Katika maeneo mengi msalaba wenyewe uliitwa Msalaba wa Mitende. Basi kwaya haikuwa pambo la siku hiyo. Bila waimbaji msalaba ulikuwa jiwe tu. Walipoimba, ua mzima ulikuwa kanisa, walio juu ya ardhi na walio chini yake.

Tusiwasifu kupita kiasi. Ni desturi hizo hizo ambazo viongozi wa Matengenezo ya Kanisa waliziona kuwa zimejaa ushirikina. Mwaka 1548 baraka ya mitende ilipigwa marufuku. Baadaye, vita kati ya Mfalme na Bunge vilipokuwa vimeanza, Bunge liliamuru mwaka 1643 kwamba misalaba iondolewe makanisani na katika nyua zake. Nyundo zilifanya kazi. Ndiyo sababu hadi leo ukitembelea vijiji vya huko utakuta ngazi, kitako na kipande cha nguzo kama jino lililovunjika. Wengine, kwa kuwa Mwingereza hapendi kitu kizuri kipotee bure, waliweka saa ya jua juu ya kigingi hicho. Katika kijiji cha Ampney Crucis, wilaya ya Gloucestershire, kichwa cha msalaba kilikutwa katika karne ya 19 kimejengewa ndani ya ukuta wa kanisa. Bila shaka kuna mtu aliyekificha wakati wa hatari, akafa na siri yake. Kikarudishwa juu ya nguzo.

Kabla sijarudi Nairobi, neno moja juu ya Malindi, kwa sababu mtu ataniuliza. Ndiyo, msalaba wa mawe unaojulikana zaidi katika pwani yetu ni ule wa Wareno pale Malindi, juu ya nguzo nyeupe iliyojengwa kwa matumbawe. Vasco da Gama alifika huko mwaka 1498, na msalaba wenyewe ni wa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon. Ni kitu cha kale na ni vema upo. Lakini haukuwa msalaba wa uani. Manahodha wa Kireno waliweka mawe ya namna ile katika pwani za Afrika ili kuonyesha kwamba mfalme wao amefika. Hakuna mama aliyepiga magoti pale kumlilia mwanawe. Msalaba unaweza kuwa bendera na unaweza kuwa kaburi, na ni vizuri kuuliza ni upi uko mbele yako.

Sasa mwaka 1917. Katika mwaka huo mmoja yalitokea mambo matatu ambayo sijawahi kusikia yakitajwa kwa pamoja.

La kwanza, jijini London iliundwa Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeua watu wengi mno, na Fabian Ware, aliyeianzisha kazi hiyo, alishikilia wazo ambalo wakati huo lilikuwa jipya kabisa: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, na afisa asiwe na jiwe kubwa kuliko askari wa kawaida. Mwana wa bwana mwenye ardhi na mwana wa mchunga kondoo wangelala chini ya mawe yaliyo sawa. Na juu yao wote msalaba mmoja. Msanifu Reginald Blomfield ndiye aliyeuchora mwaka 1918. Yeye alisema wazi kwamba alitaka kuepuka mapambo ya zamani, ndiyo maana hakuna sanamu juu yake, upanga tu. Lakini wazo, mtu yeyote anayejua ua wa kanisa la kijiji cha Kiingereza atalitambua: ngazi, kitako cha pembe nane, nguzo moja ndefu kwa ajili ya wote. Kile kilichovunjwa mwaka 1643 kilirudi kwa njia ya vita, kikapelekwa duniani kote, na kikafika Ngong Road.

La pili lilitokea hapa hapa mjini. Jiwe la msingi la Kanisa la Watakatifu Wote, ambalo leo ni kanisa kuu la Waanglikana, liliwekwa mwaka huo huo wa 1917. Wanaolijua wanajua mawe yake mazito na minara yake miwili.

La tatu ni Kariakoo. Vita vya Waingereza na Wajerumani vilikuwa vimehamia kusini, ndani ya Tanganyika, ambako hakukuwa na barabara wala reli ya kutosha, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kila risasi na kila gunia la unga vilibebwa na kichwa cha mtu. Mwaka 1917 serikali ilimpa John Ainsworth kazi ya kuwakusanya wanaume kwa nguvu, wilaya baada ya wilaya. Vijana walichukuliwa Nyanza, Ukambani, Uluhyani, Gikuyu na kwingineko. Machifu walipewa idadi, nao wakaitimiza kwa namna walivyojua. Kambi kubwa ya Nairobi ilikuwa pale ambapo leo ni soko la Kariokor. Jina hilo, kama lile la Kariakoo ya Dar es Salaam, ni matamshi yetu ya neno la Kiingereza lililomaanisha kikosi cha wapagazi. Tunalitamka kila tunapokwenda kula nyama choma au kununua kiondo.

Wapagazi wachache tu waliuawa na risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na chakula. Mtu aliyekulia kwenye ndizi na viazi alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, akaupika haraka kwa kuni mbichi baada ya safari ya kutwa, na tumbo lake likakataa. Hesabu rasmi zilihesabu vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria waliozichunguza wanaamini idadi ya kweli katika vita vyote vya Afrika Mashariki inakaribia laki moja. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho, alijitahidi kuwaandikisha watu wake, lakini majina yaliandikwa na makarani wasiojua lugha zao. Jina la baba liliandikwa kama la mwana, jina la kijiji kama la mtu. Vita vilipokwisha, mishahara mingi ya waliokufa haikulipwa kwa sababu familia zao hazikuweza kupatikana, na juhudi za kuomba fedha hizo zitumiwe kwa manufaa ya Waafrika zilikataliwa. Jina lililokosewa lilikuwa na bei.

Je, Tume ya Makaburi, ile iliyosema kila mtu na jina lake, ilifanya nini na hawa? Iliamua kwamba hapa kanuni isifuatwe. Maafisa waliandikiana barua wakisema kwamba Mwafrika wa kawaida hangeelewa maana ya jiwe la kaburi. Wazungu waliokufa Taveta, Voi na Nairobi walipata mawe yenye majina. Makaburi ya wapagazi yaliachwa yarudie kuwa pori, na badala yake zikawekwa sanamu za ukumbusho wa jumla katika miji mitatu: Mombasa, Dar es Salaam na Nairobi.

Ya kwetu mnaijua. Iko kwenye Kenyatta Avenue, katikati ya jiji: wanaume watatu wa shaba, askari wawili na mpagazi. Ilichongwa na James Alexander Stevenson na kuzinduliwa mwaka 1928. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno mazuri, na sanamu yenyewe ni nzuri. Yule mpagazi ana uso wa mtu. Kutoka hapo ukipanda na barabara, ukavuka Uhuru Highway, unafika kwenye lile kanisa ambalo jiwe lake liliwekwa wapagazi walipokuwa wakikusanywa. Ni mwendo wa dakika chache. Kwenye sanamu hakuna jina hata moja la mtu aliyekufa.

Hapa ndipo ninapotaka kusema ninaloliamini, na asiyekubaliana nami anitafute baada ya ibada. Kuna watakaosema kwamba sanamu ya Kenyatta Avenue ni kama ule msalaba wa uani: alama moja kwa watu wengi wasio na majina. Mimi nasema sivyo. Katika ua wa kijiji wakulima wote walilala bila jina pamoja, katika ardhi yao, chini ya miguu ya watoto wao waliokuja kuimba juu yao kila mwaka. Kijiji kiliwajua. Msalaba haukuchukua nafasi ya kumbukumbu, uliishikilia tu. Lakini Tume ilipokuwa imekwisha kusema kwamba kila mtu anastahili jina, kisha ikawapa wengine majina na wengine sanamu, ile alama moja iligeuka kuwa kitu kingine. Ilikuwa ni ile shaba ya bwana ndani ya kanisa na udongo wa mkulima nje, isipokuwa sasa ilifanywa kwa makusudi na kuandikwa katika mafaili.

Tume yenyewe imekubali jambo hili. Mwezi wa Aprili 2021 ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti ilisema kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, kutoka Afrika na Asia, walikumbukwa kwa njia isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine angalau 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza naye aliomba radhi bungeni. Tangu wakati huo kazi ya kutafuta majina imeanza, na baadhi yameanza kutoka katika mafaili ya zamani ya kijeshi hapa hapa Nairobi.

Turudi Ngong Road, maana pale kuna jambo ambalo haki inadai nilitaje. Makaburi yale yalianzishwa mwaka 1941, kizazi kimoja baadaye, na Waafrika wamo kwa majina. Askari wa Keya wana mawe yao. Pia kuna ukuta wa ukumbusho wa waliokufa bila kaburi, wakiwemo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliosafiri kutoka Mombasa katika meli ya Khedive Ismail kuelekea Ceylon. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga meli hiyo, ikazama katika muda usiozidi dakika chache. Watu wapatao 1,300 walikufa. Walionusurika walisimulia kwamba wengi walikuwa ukumbini ndani ya meli wakisikiliza muziki. Kwa sababu ninayoijua kila mwanakwaya, siwezi kusoma habari hiyo bila kuufikiria wimbo ulioishia katikati.

Majina ya wale vijana yameandikwa pale ukutani. Ukisoma polepole utayatambua, kwa maana ni majina ya huku kwetu. Ni yale yale tunayoitana baada ya ibada. Na juu yao ule msalaba mmoja, ambao sasa unafanya kazi yake sawasawa, kwa sababu walio chini yake wanajulikana.

Wa Kariakoo ndio bado. Vitukuu wao wako hai, na baadhi wako katika kanisa hili, nina hakika. Kuna familia zenye hadithi ya mtu aliyechukuliwa na chifu akaenda vitani asirudi. Kuna watoto waliopewa jina lake kwa desturi ili asipotee, na wakalibeba hadi leo bila kujua alikuwa nani. Jumapili ya Kumbukumbu ni mwezi wa Novemba. Mwalimu wa kwaya amekubali tuimbe siku hiyo, na mchungaji amekubali majina yasomwe kabla ya wimbo, hata kama ni jina moja tu bila tarehe, hata kama ni jina la utani. Mwenye nalo aliandike kwenye karatasi, na jina la kijiji pia kama linajulikana, ampe katibu wa kwaya kabla ya mwisho wa Oktoba. Tafadhali liandikwe kama lilivyotamkwa nyumbani, na si kama karani alivyoliandika.